Hadithi yangu imeibwa, na msomaji anasema mwizi ni mimi

SWALI: Ninaandika simulizi za mapenzi na za upelelezi, na kwa miaka minne nimekuwa nikiziuza kwa njia ya WhatsApp. Sehemu kumi za mwanzo huzitoa bure kwenye ukurasa wangu wa Facebook, na zinazobaki msomaji hulipia shilingi 2,000 kwa simu. Mwezi uliopita nilikuta hadithi yangu, ambayo bado haijafika mwisho, ikiuzwa shilingi 500 katika kundi jingine. Jina langu limeondolewa na majina ya wahusika yamebadilishwa. Admini wa kundi hilo anatumia namba ya Kenya. Siku chache baadaye msomaji mmoja akaandika hadharani kwamba mimi ndiye niliyenakili kwa yule. Maneno yake yamesambaa na wanunuzi wamepungua. Je, nimjibu? Nifute sehemu zote zilizo hewani? Wenzangu wananishauri nitafute watu wa kuniandikia maoni mazuri ili lile baya lizame. Nimeambatisha picha za skrini. (Mwandishi, Morogoro)

JIBU: Dada, pole sana kwa yaliyokukuta. Nimehariri riwaya na simulizi za waandishi wanaojichapishia wenyewe kwa miaka mingi, na katika malalamiko yote yanayonifikia hakuna linaloumiza kama hili la mtu kuibiwa kisha akaitwa mwizi. Nitajibu maswali yako yote, lakini kabla hujaendelea kusoma nakuomba usifute chochote. Sehemu ulizozitoa bure, ujumbe uliowatumia wanunuzi, hata rasimu zilizo kwenye simu yako, viache kama vilivyo, kwa sababu tarehe zilizoandikwa juu yake ndizo shahidi wako wa kwanza, na ukishazifuta hutaweza kuzirudisha.

Umeniandikia kana kwamba una matatizo mawili, mwizi upande mmoja na maoni mabaya upande mwingine. Mimi naona ni tatizo moja. Mwandishi aliyechapishwa na kampuni hufika kwa msomaji akiwa ameshadhaminiwa: kuna mhariri aliyemkubali, kuna nembo ya mchapishaji mgongoni mwa kitabu, kuna mwenye duka aliyeamua kumweka rafuni. Mwandishi huru hana wadhamini hao. Si kwamba uandishi wa namna hii ni mgeni kwetu, kwani Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers jijini Dar es Salaam na kutoa riwaya zake humo. Lakini kitabu chake kilikuwa cha karatasi, jina lake likiwa limepigwa chapa kwenye jalada, na aliyetaka kumwibia alihitaji kiwanda cha uchapaji. Wewe unauza maandishi ambayo jina lako ni mstari mmoja tu juu ya kila sehemu, na mstari huo hufutika kwa kidole. Kinachobaki kumwambia mgeni kwamba hadithi ni yako, na kwamba inastahili shilingi 2,000, ni kauli za wasomaji waliokutangulia kukusoma. Ndiyo maana mwizi na yule msomaji wamekupiga mahali pamoja: wote wawili wamegusa ushahidi wa wasomaji wako, na humo humo ndimo utakamojengea utetezi.

Nianze na maoni yenyewe, kwa kuwa hofu yako kubwa naiona iko hapo. Mwaka 2006 watafiti Judith Chevalier na Dina Mayzlin walilinganisha maoni ya wasomaji na mauzo ya vitabu katika maduka mawili ya mtandaoni ya Marekani, Amazon na Barnes & Noble. Waliona kwamba kitabu kikipata maoni bora zaidi katika duka moja, mauzo yake katika duka hilo hupanda. Waliona pia kwamba maoni ya nyota moja huvuta mauzo chini kwa nguvu kuliko maoni ya nyota tano yanavyoyapandisha. Sababu yake si ngumu kuielewa: mnunuzi anajua kwamba sifa huweza kutoka kwa ndugu na marafiki, lakini anayelalamika humwona kama mtu aliyetumia fedha yake na kuumia.

Hata hivyo, kuna utafiti wa pili ambao nawasomea waandishi wachanga kila wanapokuja kwangu wakilia. Mwaka 2010 Jonah Berger, Alan Sorensen na Scott Rasmussen walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya vitabu vilivyohakikiwa katika gazeti la New York Times. Uhakiki mbaya uliwapunguzia waandishi mashuhuri mauzo kwa takriban asilimia 15, ilhali kwa waandishi ambao hawakuwa wakijulikana uhakiki mbaya uliongeza mauzo kwa takriban asilimia 45. Tatizo kubwa la mwandishi asiyejulikana ni kwamba watu hawajui yupo. Aliyesoma uhakiki ule mbaya, baada ya wiki kadhaa husahau ukali wa maneno, lakini jina la kitabu linakuwa limemkaa kichwani. Kwa hiyo msomaji anapoandika kwamba mhusika wako amemchosha, au kwamba sehemu zako ni fupi kuliko fedha aliyolipa, usibishane naye kabisa. Chukua kalamu, andika alichosema, kisha rudi kwenye rasimu uone kama kuna ukweli. Mara nyingi upo, na mara nyingi msomaji huyo ndiye aliyesoma kwa makini kuliko waliokuandikia kwamba wewe ni moto.

Lakini aliyeandika kwamba umenakili hajatoa maoni juu ya ladha ya hadithi. Amedai jambo lilitendeka, na dai la namna hiyo huthibitishwa au hukanushwa kwa ushahidi. Utafiti wa waandishi wasiojulikana haukusaidii hapo, kwa sababu mgeni atakayekumbuka jina lako atalikumbuka pamoja na neno wizi. Kwa hiyo, ndiyo, mjibu. Mjibu mara moja tu, mahali palepale alipoandika, kwa lugha ya heshima, bila kumwita mwongo. Usimchukulie kuwa ni adui aliyetumwa. Kwa kadiri ninavyoweza kuona kutoka kwenye picha ulizonitumia, aliisoma hadithi kwanza kwenye lile kundi la shilingi 500, halafu akakutana nayo kwako, akahitimisha kama ambavyo mtu yeyote angehitimisha. Huenda ameudhika kwa niaba ya mtu aliyemdhania ndiye mwandishi. Msomaji anayekasirika kwa ajili ya mwandishi ni mtu ambaye ungependa awe upande wako.

Jibu lako liwe na tarehe. Mwambie sehemu ya kwanza uliitoa siku gani na mwezi gani, weka kiungo cha andiko lenyewe ambalo bado lipo kwenye ukurasa wako, weka picha ya tarehe ya awali kabisa inayoonekana katika kundi la yule mwingine, kisha umshukuru kwa kujali kazi za waandishi. Mistari mitano inatosha. Akijibu kwa matusi, usiendelee. Wanaosoma kimya ni wengi kuliko wanaoandika, na hao ndio unaowaandikia.

Sasa nije kwenye maandishi yenyewe, maana nimeyalinganisha mstari kwa mstari na nimeona mambo ambayo huenda wewe, kwa uchungu, hukuyaona. Mhusika wako mkuu anaitwa Neema. Yule bwana amembadilisha kuwa Jackline, na ni wazi kwamba hakukaa chini kubadilisha jina moja baada ya jingine, bali aliiamuru simu au kompyuta ibadilishe yote kwa mkupuo. Katika sehemu ya 14 wewe uliandika, “kwa neema ya Mungu, mama yake alipona.” Kwake imekuwa, “kwa Jackline ya Mungu, mama yake alipona.” Katika sehemu ya 22 wazee wako wanaomba neema na baraka, na wa kwake wanaomba Jackline na baraka. Hakuna mtu anayezungumza Kiswahili anayeweza kuandika sentensi hizo kwa kichwa chake. Zaidi ya hapo, ameihamisha hadithi kutoka Morogoro kwenda Mombasa, lakini katika sehemu ya 9 Jackline na mwenzake wanapanda daladala na kushuka Msamvu. Mombasa hawapandi daladala, hupanda matatu, na Msamvu ni stendi ya kwenu. Weka sentensi hizi katika karatasi moja, zako kushoto na zake kulia, zikiwa na namba za sehemu. Mtu akizisoma hizo kwa dakika mbili hatahitaji maelezo yako mengine.

Ulinganisho wa namna hii ndio ulioufichua wizi mkubwa wa riwaya za mapenzi uliotikisa waandishi wa Kiingereza mwezi Februari 2019. Courtney Milan, mwandishi wa Marekani anayejichapishia na aliyewahi kufundisha sheria chuo kikuu, aliona vipande vya riwaya yake vikiwa ndani ya kitabu cha mwandishi mmoja wa Brazil. Aliyemjulisha hakuwa wakili wala duka la vitabu, alikuwa msomaji aliyesoma vitabu vyote viwili na kukumbuka maneno. Milan aliweka vifungu vya vitabu hivyo hadharani, kimoja kando ya kingine, na baada ya hapo wasomaji wengine walianza kutafuta wenyewe. Kila mmoja alileta kifungu alichokitambua, mpaka orodha ya vitabu vilivyochotwa ikafika makumi. Mshtakiwa alisema aliyekosea ni mtu aliyemlipa amsaidie kuandika. Nora Roberts, mwandishi mashuhuri wa riwaya za mapenzi ambaye vifungu vyake pia vilikutwa humo, alifungua kesi Rio de Janeiro mwezi Aprili mwaka huohuo.

Waandishi wengi wakati ule walieleza pia kwa nini wizi huo unalipa, na maelezo yao yanakuhusu. Katika huduma ya Kindle Unlimited ya Amazon msomaji hulipa ada ya mwezi ili asome vitabu vya kielektroniki, na tangu Julai 2015 mwandishi hulipwa kwa idadi ya kurasa zilizosomwa. Anayetoa vitabu vingi kwa haraka huonekana zaidi, na asiyeweza kuandika kwa kasi hiyo hushawishika kuchota kwa wenzake. Mfumo wetu wa kuuza kwa sehemu una shinikizo lilelile. Wasomaji wanadai sehemu mpya kila jioni, admini asiye na kitu cha kutoa huwapoteza, na njia ya mkato ni kuingia katika kundi lako, kulipa shilingi 2,000 mara moja, kisha kuwauzia mamia ya watu kwa 500. Kwa hiyo anza kuangalia ndani ya kundi lako mwenyewe: kuna mtu huko anayelipia na kuzihamisha. Wengine huweka tofauti ndogo ya maneno katika nakala za makundi tofauti ili kumtambua mvujishaji, na nimeona ikifaulu.

Kuhusu ushauri wa wenzako wa kutafuta watu wakuandikie sifa, nakusihi usiufuate. Ninaelewa unatokana na huruma, na ninajua wapo wanaofanya hivyo. Lakini fikiria unasimama kudai kwamba wewe ndiye mkweli katika jambo hili, huku umezungukwa na maoni ishirini yaliyoandikwa usiku mmoja, yote yakisema “hadithi nzuri sana dada endelea.” Msomaji makini ataona, na akishaona, hata ulinganisho wa Neema na Jackline ataushuku. Mwezi Desemba 2023 mwandishi mmoja wa Marekani, ambaye kitabu chake cha kwanza kilikuwa kinakaribia kutoka, alibainika kufungua akaunti bandia katika Goodreads, tovuti ambako wasomaji huandika maoni juu ya vitabu, ili kujisifu na kuwashusha waandishi wenzake kwa nyota moja. Mchapishaji wake alivunja mkataba na wakala wake akamwacha. Aliyetendewa mabaya na anayeyatenda, wasomaji huwaweka katika mizani moja pale wanapokuta udanganyifu. Amazon iliwashtaki zaidi ya watu 1,000 mwezi Oktoba 2015 kwa kuuza maoni ya uongo, na kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani inayopiga marufuku ununuzi na uuzaji wa maoni bandia ilianza kutumika Oktoba 2024.

Ulicho nacho ni kitu bora kuliko hicho. Kwa miaka minne wasomaji wako wamekuwa wakikuandikia faraghani: yupo aliyelia Neema alipofiwa, yupo aliyekisia muuaji mapema, yupo aliyekugombeza kwa kuchelewesha sehemu. Ujumbe huo una tarehe, na mwingi unataja matukio ya hadithi kwa undani ambao mtu wa kukodiwa hawezi kuubuni. Waombe ruhusa wachache, uyatoe maneno yao kama yalivyo, pamoja na tarehe, bila kurekebisha hata tahajia. Na usichague sifa tupu. Yule aliyekugombeza muweke pia. Katika siku zijazo, hadithi ikifika mwisho, usiwaombe watu “maoni” kwa jumla, kwa sababu utaambiwa tu kwamba ni nzuri. Waulize ni sehemu ipi waliyoirudia kusoma, au ni mhusika gani hawakumwamini. Nakuambia ujenge kumbukumbu hii mwenyewe kwa sababu maduka makubwa hayakutengenezwa kwa ajili ya wasomaji wako: ili kuandika maoni katika tovuti ya Amazon ya Marekani mtu sharti awe ametumia angalau dola 50 humo katika miezi 12 iliyopita, na anayekulipa kwa simu kutoka Kihonda au Ifakara hana akaunti hiyo.

Upande wa sheria uko wazi zaidi kuliko unavyodhani. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki yako ilizaliwa ulipoandika. Hukuhitaji kusajili ndipo uwe mwenye hadithi, nayo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye mwandishi imo humo pia. Hata hivyo, nakushauri uisajili kazi hii COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kwa sababu cheti hurahisisha kila mazungumzo yanayofuata. Kwamba yule bwana yuko Kenya hakumpi kinga: Kenya iliingia katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, hivyo kazi ya Mtanzania inalindwa kule kama ya Mkenya, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, hupokea malalamiko. Marekebisho ya sheria ya Kenya ya mwaka 2019 yaliweka pia utaratibu wa mwenye kazi kuwataka watoa huduma za mtandao waiondoe iliyoibwa. Facebook ina fomu yake ya malalamiko ya hakimiliki, inayofuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998, na mara nyingi hufanya kazi upesi ukiweka viungo vya andiko lako na la mwizi bila maneno ya hasira. Ndani ya kundi la WhatsApp ni vigumu zaidi, kwa kuwa kampuni yenyewe haiwezi kusoma yanayotumwa humo. Hapo mwandikie admini moja kwa moja, mpe ulinganisho na siku saba za kuiondoa, na uhifadhi nakala ya ulichoandika. Usimwombe alipe kwanza; mwombe aondoe na atangaze jina lako.

Kuna jambo moja lazima ulikubali mapema ili lisikule moyo. Atakayeandika kisa cha msichana wa kijijini aliyependwa na tajiri asiyejua kwamba ni ndugu yake, kwa maneno yake mwenyewe, hajakuibia, hata kama alilipata wazo kwako. Sheria hulinda maandishi, hailindi wazo, na haimpi mtu umiliki wa neno la kawaida. Mwaka 2018 mwandishi wa Marekani aliyesajili neno moja la kawaida la Kiingereza kuwa alama yake ya biashara alijaribu kuwazuia wenzake wasilitumie kwenye majina ya vitabu. Jaji wa New York alimkatalia, na baadaye akaisalimisha alama hiyo. Nguvu zako ziweke kwa aliyechukua sentensi zako.

Kuhusu wale walionunua kwa shilingi 500, usiwatukane hata mara moja. Wengi wao hawakujua. Tangaza kwamba yeyote aliyeanza kuisoma kwingine anakaribishwa kumalizia kwako kwa kulipia sehemu zilizobaki tu, na utashangaa watakaokuja.

Na watakuja, kwa sababu ya jambo ambalo umelitaja kwa kupita: hadithi yako haijafika mwisho. Yule bwana ana sehemu 46 kwa kuwa wewe umeandika 46. Ya 47 hana, wala hajui Neema atamfanya nini mjomba wake, na hawezi kuiuza mpaka wewe uiandike. Kwa hiyo tangaza leo, kwenye ukurasa wako wa wazi, siku na saa ambayo sehemu ya 47 itatoka. Usiku wa kuamkia siku hiyo weka hadharani aya yake ya kwanza ikiwa na jina lako. Kisha mwombe msomaji mmoja unayemwamini aliye ndani ya lile kundi akuandikie ni saa ngapi imeonekana kule. Fanya hivyo kwa ya 48 na ya 49, ziandike saa zote katika daftari, na hilo daftari ndilo utakalompelekea ofisa wa COSOTA pamoja na karatasi ya Neema na Jackline.